Kilwa kwa Mfuko Mwepesi

Nikiwaambia wenzangu wa fakulte kwamba nimetoka Kilwa, wengi hudhani nilifika Tanzania, kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani ambayo UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 1981. Kilwa yangu ni ya hapa kwetu Haut-Katanga, ukingoni mwa Ziwa Moero, kilomita zipatazo 350 kutoka Lubumbashi. Tena kuna ya tatu: kisiwa kilichomo ziwani humo, nacho huitwa Kilwa, ila hicho ni cha Zambia. Bila pasi usikisogelee.

Nilikwenda mwezi wa saba kukusanya majina ya nyavu na samaki kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Mwezi niliuchagua kwa makusudi. Mvua zikishaanza, barabara ya kutoka Kasomeno kwenda kaskazini huwa matope, na kila siku unayokwama njiani ni siku ya kununua chakula.

Nauli ndiyo inayokula pesa, kwa hiyo nieleze inavyofanya kazi. Malori, yaani kamiyo zetu, huenda ziwani na sabuni, saruji na vinywaji, yakarudi na samaki wakavu. Mwenye kuketi mbele na dereva hulipa zaidi. Mwenye kupanda juu ya mzigo hulipa kidogo na kula vumbi. Usipatane bei na vijana wanaoita abiria. Mtafute dereva mwenyewe, jioni ya kuamkia safari, wakati bado anangoja mzigo ujae. Beba barua ya fakulte yenye muhuri, na nakala zake mbili. Kwenye kizuizi kimoja nakala yangu ilichukuliwa na haikurudi.

Usiende mikono mitupu. Nilibeba meka mbili za unga wa mahindi, nikamkabidhi mama mmoja muuza samaki niliyeelekezwa kwake na shangazi yangu. Unga ule ulinipa mkeka wa kulalia na bukari kwa siku sita. Hoteli sikuijua. Kitoweo kilikuwa chisense, dagaa wa Moero, wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa na kuanikwa juani asubuhi. Kwa chisense hakuna aliyenitoza hata franka.

Aliyenitoza ni ulimi wangu. Siku ya kwanza nilisema Kiswahili cha darasani: "Ninatokea Lubumbashi, ninatafuta wavuvi." Mama akacheka. "Mwana, unasemaka kama redio." Nikarudi kwenye lugha ya nyumbani: "Minatoka mu Lubumbashi, minatafuta batu ba samaki." Bei sokoni ikashuka palepale, kweli kabisa. Lakini kwa wavuvi wazee hata hicho hakikutosha; wao kwa wao walisema Kibemba, na majina ya nyavu yalikuwa humo. Hata jina la ziwa ni somo: *mweru* katika lugha kadhaa za Kibantu ni ziwa, hivyo tusemapo Ziwa Moero twasema ziwa mara mbili.

Siku ya tatu nikatoa simu nimrekodi mzee mmoja. Akaiangalia, kisha akaniuliza: "Unaandikia nani?"

Nilipaswa kulijua swali hilo kabla ya kupanda lori. Oktoba 2004 waasi wachache waliuteka mji huu. Jeshi la serikali likaukomboa siku iliyofuata, na zaidi ya watu 70 waliuawa. Kampuni ya uchimbaji iliyokuwa ikipitisha shaba na fedha ya Dikulushi bandarini hapo ilitoa magari yaliyotumiwa na wanajeshi. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia washtakiwa kwa mauaji hayo. Baadaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliona serikali ina dhima, ikaagiza fidia. Tangu hapo wamepita wengi wenye madaftari. Sisi wanafunzi tunadhani daftari ni kitu kisicho na uzito. Kilwa lina uzito.

Nikaifunga simu. Nikamwambia jina langu, la baba yangu, na mtaa wetu. Akanyamaza kitambo, halafu akasema nitaandika majina ya nyavu tu, kwa mkono, mbele yake, na yeye atapata nakala. Tukaandika asubuhi mbili. Maneno thelathini na manne. Matatu niliyaandika vibaya na mjukuu wake akayasahihisha.

Nilirudi juu ya magunia ya samaki, nauli nusu, kwa sharti la kumpelekea dada yake mama gunia moja huku mjini. Nguo zilinuka wiki nzima. Nakala ya mzee niliichapa, kurasa mbili, nikampa dereva yuleyule. Alipopita tena akaniletea karatasi ya kwanza, na pembeni kwa kalamu ya bluu neno la thelathini na tano.