Jinsi ya Kubadili Programu ya Kuamshia Kompyuta

Wanafunzi wa shule yetu, na ninyi wenzangu mliokwisha kutoka zamani, yafaa kila mwenye kutumia kompyuta ajue jinsi inavyoamka. Umeme uingiapo, mashine haijui kitu ila programu fupi iliyomo katika ubao wake, na katika mashine za zamani huitwa BIOS. Hiyo husoma sehemu ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. Baiti 446 ni za programu ya kuamshia, ambayo mafundi huiita butiloda. 64 ni za orodha ya mafungu ya diski. Na 2 za mwisho ni alama ya kuonyesha kwamba diski yaweza kuamsha mashine. Baiti 446 hazitoshi kazi yote. Kwa hiyo kipande hicho humwita tu mwenzake aliye mkubwa zaidi, naye ndiye aupakiaye mfumo wenyewe, mathalani Linux.

Hapa Gisenyi nina chumba cha kupigia chapa, karibu na njia ya kwendea mpaka wa Goma. Kompyuta yangu niliiunga mwenyewe kwa vipande vya kununua kimoja kimoja, nayo ilikuwa ikiamshwa na GRUB ya kwanza, programu iliyoanzwa na Erich Boleyn mwaka 1995. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wengi wa Goma walikimbilia kwetu. Baadhi yao vyeti vyao viliungua pamoja na nyumba, na nakala pekee zilizosalia zilikuwa katika diski yangu. Tangu siku ile diski hiyo haikuwa mali yangu peke yangu.

Ilipojaa nilinunua nyingine ya terabaiti 4, na hapo ndipo ugumu ulipoanza. Orodha ya zamani ya mafungu huandika hesabu zake kwa biti 32, basi haiwezi kupita terabaiti 2 na kidogo. Diski kubwa hutaka orodha mpya iitwayo GPT, na GRUB ya kwanza haikuifahamu. GRUB 2, ambayo toleo lake la 2.00 lilitoka mwaka 2012, huifahamu barabara.

Kazi niliifanya hivi. Kwanza, nilitenga katika diski mpya fungu dogo la megabaiti 1 lisilo na faili, kwa kuwa GRUB 2 huhitaji mahali pa kukaa panapokuwa na BIOS na GPT pamoja. Pili, nilinakili faili zote katika fungu kubwa, nikazilinganisha na za zamani. Tatu, niliichomoa diski ya zamani kabisa, ili nikikosea jina la diski lisidhurike neno. Nne, niliiamsha mashine kwa Linux iliyomo katika flashi, nikaingia katika mfumo ulionakiliwa, nikaandika namba ya utambulisho ya fungu jipya katika faili ya fstab. Kisha nikatoa amri ya grub-install juu ya diski nzima, na baadaye update-grub, ambayo huandika orodha ya mifumo yenyewe.

Hapa mwanafunzi aangalie mambo mawili. GRUB ya kwanza ilisoma menyu iliyoandikwa kwa mkono, lakini faili ya GRUB 2 iitwayo grub.cfg haifai kuguswa; mabadiliko huandikwa katika /etc/default/grub, ndipo amri irudiwe. Tena, ya kwanza ilihesabu mafungu kuanzia 0, na ya pili huanzia 1. Mwenye kunakili mistari ya zamani bila kufikiri atatafuta mfumo mahali usipokuwapo.

Mashine iliamka mara ya kwanza. Hata hivyo diski ya zamani niliiweka kabatini mwezi mzima, kwani kama mpya ingalikataa, ningaliirudisha ile mahali pake na kazi ingaliendelea. Vyeti vyote vilifunguka, na wenyewe wamekwisha kuvichukua katika karatasi.

Basi, vijana, msiogope kitu kipya, wala msivunje daraja la zamani kabla jipya halijabeba mzigo. Akiba haiozi.