Akiki, kwatzi na dhahabu ya Nyamongo: kweli au uongo?

Hapana shaka umeyasikia haya, iwe Nyamongo, Mugumu au kwenye duka la mapambo mjini. Tuyapime.

Vipande vya akiki vya buluu kali au waridi vimetoka ardhini hivyohivyo. Uongo, karibu mara zote. Akiki ya asili aghalabu ni ya kijivu, nyeupe, kahawia au nyekundu ya kutu, na wekundu huo huletwa na chuma. Waridi inayowaka imetiwa na watu: jiwe lina vitundu vidogo mno, na rangi hupenya humo. Mafundi wa Idar-Oberstein, Ujerumani, waliikuza kazi hiyo katika karne ya 19, wakitumia mawe ya Brazili. Kununua si kosa, ila muuzaji akwambie ukweli.

Mistari ya akiki huhesabu miaka, kama pete za mti. Uongo. Lava inapopoa, mapovu ya gesi huacha mashimo ndani yake. Baadaye maji yenye silika hujipenyeza, na silika huganda kwenye kuta, tabaka juu ya tabaka, kutoka nje kuelekea katikati. Hakuna anayejua tabaka moja lilichukua muda gani, kwa hiyo usimwamini anayekutajia umri wa jiwe kwa kuhesabu mistari.

Penye lava pana akiki. Uongo. Sehemu za nyanda za Tarime zina lava ya kale iitwayo fonolaiti, ambayo haina kabisa kwatzi, yaani silika iliyoganda inayounda akiki. Bila mapovu na maji yenye silika ya kutosha, akiki haipatikani.

Jiwe jeupe, yaani kwatzi, ni dalili ya dhahabu. Kweli, kwa kiasi, na hapa wachimbaji wa zamani wanastahili heshima yao. Miamba ya Nyamongo, ambako mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji ya moto yalipanda kwenye nyufa zake yakibeba silika na dhahabu. Silika ikaganda kuwa kwatzi, ile ile inayounda akiki, na dhahabu ikabaki humo. Lakini mishipa mingi ya kwatzi haina dhahabu ya maana. Ponda jiwe, osha unga wake, ndipo uamue kama shimo linastahili jasho lako.

Kila king'aacho njano ni dhahabu. Uongo. Huenda ni pairiti, madini yanayofanana na dhahabu. Gonga kwa nyundo: dhahabu hubonyea, pairiti husagika kuwa unga mweusi. Hata hivyo usilitupe jiwe hilo haraka, maana pairiti wakati mwingine huandamana na dhahabu isiyoonekana kwa macho. Sampuli ipelekwe maabara.