Ukiambiwa "sure", usikimbilie kufunga mzigo

NENO la Kiingereza "sure" lina herufi nne tu, lakini mwaka 2019 lilimla ndugu yangu mtaji. Aliyemtafsiria neno hilo ni mimi, mwalimu wa Kiingereza.

Ndugu huyo ni binti wa shangazi yangu. Kama mimi, alizaliwa na kukulia ukimbizini Ngara, Tanzania, tukarudi Rwanda mwaka 1996. Yeye aliishia darasa la saba, hivyo Kiswahili chake kinanishinda lakini Kiingereza hana. Anaishi kwa kuvusha vitunguu pale Rusumo. Siku moja alinipa simu yake akasema, "Kaka, hebu nisomee." Mgeni mmoja aliyekuwa akisambaza vyakula kwenye hoteli za Kigali alikuwa amemjibu hivi: "Sure, we can take 20 bags. I'm sure the boss will agree."

Nikamwambia bila kufikiri mara mbili: "Anasema hakika watachukua magunia 20, na bosi atakubali." Akakopa kwenye chama cha akina mama, akanunua, akakodi gari. Bosi hakukubali. Vitunguu vilikaa stoo mpaka vingine vikaota, akaviuza kwa bei ya kutupa.

Nilipokwenda kumpa pole hakunilaumu. Aliuliza tu, "Kaka, hilo neno lilisema nini hasa?" Ndugu msomaji, swali hilo lilinirudisha kwenye kamusi.

"Sure" asili yake ni Kilatini, "securus", maana yake mtu asiye na wasiwasi. Waingereza walilipata kupitia Kifaransa cha zamani. Wenzetu waliosoma Burundi na Kongo wanalijua katika "bien sûr". Kwa hiyo neno hili tangu mwanzo linaeleza moyo wa msemaji, kwamba umetulia. "Hakika" yetu ilitoka Kiarabu, na ni ndugu wa "haki". Yenyewe inaeleza jambo lenyewe, kwamba ni la kweli. Hapo ndipo nilipokosea: niliuchukua utulivu wa moyo wa mtu nikaufanya ukweli wa jambo.

Tuangalie matumizi yake. Kwanza, "sure" ikisimama peke yake kama jibu, ni "sawa" au "haya" tu. Si kiapo. Wamarekani huitumia hata kumjibu mtu aliyesema asante.

Pili, "I'm sure". Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulioni. Mtu aliyeshuhudia pesa zikitolewa atasema "He has paid", yaani amelipa, basi. Anayesema "I'm sure he has paid" mara nyingi hakuona chochote. Anaamini tu kwamba jamaa kalipa. Neno la uhakika limeongezwa, na uhakika wenyewe umepungua!

Tatu, "Sure?" ya kuuliza, ambayo wenzetu waliokulia Uganda wanaipenda sana. Hiyo ni "Kweli?" ya mshangao. Ukiisikia usikasirike ukadhani umeitwa mwongo.

Nne, "make sure". Hii ni amri ya kazi: hakikisha, nenda ukaangalie, hesabu mwenyewe. Kati ya zote nne, ndiyo peke yake inayomtaka mtu atumie macho na mikono.

Basi tafsiri niliyopaswa kumpa dada yangu ni hii: "Sawa, tunaweza kuchukua magunia 20. Naamini bosi atakubali." Angeisikia hivyo, mfanyabiashara yule asingefunga mzigo. Angeuliza papo hapo, "Na asipokubali?"

Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba shule zetu zifundishe kwa Kiingereza, neno hili limeenea ofisini, kwenye maduka na kwenye simu za vijana. Huwezi kulikwepa. Lakini ukijibiwa "sure" katika biashara, usilichukue kama risiti. Rudisha maswali: magunia mangapi, bei gani, siku gani, nani ameidhinisha, na malipo ya awali ni kiasi gani? Majibu yaandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na sisi tunaosomewa na kusomea wengine tuwe waangalifu. Mkalimani akiongeza chumvi kidogo, anayelipa gharama ni mwingine.

Dada yangu alilipa deni la chama kwa miezi saba, na nilimchangia. Sasa amerudi Rusumo. Bado huniletea simu nimsomee, lakini kabla sijamaliza sentensi hunikatiza kwa swali moja, ambalo siku hizi nalifundisha darasani: "Kaka, huyo ameona, au anaamini?"