Kipande Kisichopigwa Dawa

Mwaka 1916, kwenye bustani ya miche karibu na Riverton, New Jersey, alionekana mbawakavu mdogo wa kijani king'aacho, mwenye mbawa za rangi ya shaba. Alitoka Japani. Leo ametapakaa karibu mashariki yote ya Marekani, na mabuu yake ndiyo yanayowanyima usingizi wenye nyumba na watunzaji wa viwanja vya gofu. Meupe, yamejikunja, yanakula mizizi ya ukoka chini kwa chini. Septemba mtu anavuta nyasi zilizonyauka, zinang'oka nzima nzima kama zulia.

Akishashtuka hivyo, hukimbilia dukani kutafuta dawa kali kuliko zote. Laiti angeona kwanza jinsi dawa hizo zinavyopimwa.

Mtafiti hugawa uwanja katika vipande vidogo, akapanga kwa kura ni kipi kipate dawa gani, na kurudia mpango huo mara kadhaa sehemu tofauti za uwanja. Katika kila fungu huacha kipande kimoja bila dawa. Hicho ndicho ninachokithamini kuliko vyote, maana mbawakavu hawatagi kwa usawa: hapa mabuu tele, hatua mbili mbele hakuna hata moja. Ukame nao huua mayai mengi. Pasipo kipande kile, dawa inaweza kusifiwa kwa kuua wadudu ambao hawakuwapo, au waliokufa kwa kiu.

Hesabu hufanywa majira ya vuli. Ukoka hukatwa pande tatu kwa sepetu, hufunuliwa, na udongo huchambuliwa kwa vidole. Kila buu hugeuzwa chini ya kioo cha kukuzia na kutazamwa nchani mwa mkia: safu mbili fupi za vinyweleo zikiunda herufi V, huyo ni wa Kijapani. Wataalamu wengi husema nyasi zenye afya huvumilia mabuu 8 hadi 10 kwa futi ya mraba. Chini ya hapo, dawa ni hasara tu.

Majaribio hayo yameonyesha kwamba wakati una uzito kuliko ukali. Klorantraniliproli hupenya udongo polepole, kwa hiyo hupigwa mapema, Aprili au Mei. Imidakloprid hufaa kuanzia Juni hadi Julai, mayai yanapotagwa. Mabuu yakishanenepa Septemba, zote mbili huwa zimechelewa. Hapo hutumika triklorfoni, inayoua upesi na kuisha upesi. Na dawa isipomwagiliwa maji ya kutosha, milimita 12 hivi, hunasa kwenye tabaka la mashina makavu juu ya udongo isiwafikie walengwa.

Lakini kuhesabu maiti za mabuu hakutoshi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky walichapisha jaribio lililostahili kufanywa miaka mingi kabla: waliweka makundi ya nyuki-bambi, wale wanene wenye manyoya, juu ya ukoka wenye klova iliyochanua. Palipopigwa klothianidini, dawa ya jamii moja na imidakloprid, makundi hayakutoa malkia wapya. Palipopigwa klorantraniliproli hayakudhurika. Na pale klothianidini ilipopigwa, kisha maua yale yakafyekwa, klova iliyochanua upya haikuwadhuru nyuki.