Insha ya Mtoto: Tuseme au Tuandike?

Ni nani kati yetu ambaye hajaletewa daftari jioni, chungu kiko motoni na mdogo analia, akaambiwa, "Mama, hebu isome insha yangu"?

Mmoja wetu aliletewa daftari namna hiyo na binti yake wa darasa la tano. Msichana alikuwa ameandika juu ya siku za mwisho za bibi yake, aliyekuwa hawezi tena "kura" ugali. Mama akachukua kalamu nyekundu. Akakata r akaweka l, akaongeza nukta zilizosahauliwa, akarudisha daftari likiwa jekundu tupu. Habari za bibi hakuzigusa. Wiki iliyofuata daftari halikuletwa tena.

Kosa halikuwa kusahihisha. Mwalimu mwenye darasa kubwa hana budi kutegemea kalamu. Sisi nyumbani tunaye mtoto mmoja mbele yetu, basi tuanze kwa mdomo. Tumwambie aisome insha yake kwa sauti. Mara nyingi atakwama mwenyewe penye sentensi isiyokamilika. Kisha tumwulize, "Bibi alikuambia nini siku ile? Mbona hukuandika?" Hapo ndipo insha inapopata uhai. Lakini tuwe waangalifu, maana heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tusimkosoe mbele ya ndugu zake wakamcheka.

Hata hivyo, maneno ya mdomo husahaulika. Tukimweleza leo habari ya r na l, huenda Ijumaa akakosea tena. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, baada ya mazungumzo, tuandike chini ya insha mambo mawili tu: moja alilofanya vizuri, na moja la kurekebisha. Masahihisho ayaandike kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya kuanza insha nyingine, asome kwanza mistari hiyo miwili.

Na yule mama mwenzetu? Alimwita binti yake, akamwomba radhi, wakaketi mkekani. Mtoto akasoma, mama akasikiliza. Walipofika pale pa ugali, wote wawili walilia. Lile neno "kura" lilisahihishwa baadaye, na daftari likaanza kuletwa tena.