MAZOEZI YANAPOGEUKA MARADHI

Mara nyingi safu hii imekuhimiza kufanya mazoezi, na hilo hatulirudi nyuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima atembee haraka, au afanye mfano wa hayo, dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Wengi wetu hatuzifikii. Lakini huenda nyumbani kwako yupo aliyevuka mpaka.

Akitoka msikitini Alfajiri anakwenda kukimbia, jioni ananyanyua vyuma, na usiku wenzake wakilala yeye anapiga pushapu chumbani. Mguu unamuuma, hapumziki. Akikosa siku moja huwa mkali na hujiona ametenda kosa. Akila wali, lazima akimbie "kuulipia". Mwanamichezo naye hufanya mazoezi mengi, ila mwalimu wake akimwambia apumzike, hupumzika. Huyu hawezi, na hapo ndipo penye ugonjwa.

Misuli hujengeka wakati wa kupumzika. Asiyepumzika nguvu humpungua, usingizi humpaa, na mfupa wa muundi huweza kupata ufa. Binti asiyekula kiasi kinacholingana na mazoezi yake huweza kukatika hedhi, na mifupa ikadhoofu. Akina mama, hilo si la kunyamazia.

Kubwa zaidi ni misuli kuharibika na kumwaga vitu vyake ndani ya damu, hata figo zikashindwa kuvichuja. Hatari huongezeka kwenye joto na upungufu wa maji, kwa hiyo anayefunga asifanye mazoezi mazito mchana. Asubiri baada ya futari.

Abdullah bin Amr (r.a.) alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume (s.a.w.) alimzuia, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Hiyo ilikuwa ibada, seuze pushapu?

Usimcheke kijana wako wala usimfichie viatu. Kaa naye, mwombe apumzike siku mbili. Akishindwa, mpeleke kwa daktari, naye ataje mazoezi yake yote, maana wengi hutaja maumivu ya mguu tu. Lakini mkojo ukiwa wa kahawia kama chai ya rangi, na misuli imevimba au inauma sana, usingoje kesho; nendeni hospitali saa hiyo hiyo.