Tumbaku ya Urambo: utafiti karibu, maamuzi mbali

Urambo hadi Tabora ni lami isiyofika kilomita 100, na watafiti wa tumbaku wako Tumbi, nje kidogo ya mji huo. Kwa hesabu hiyo wakulima wa huku wangekuwa wa kwanza kuonja kila kipya. Wenyewe wanakataa.

"Mbegu naletewa, mbolea naletewa," anasema mkulima wa tumbaku ya mvuke anayeuza pia mabomba ya mabani ya kukaushia jani. "Nikiuliza kwa nini jani langu limeshushwa daraja, mteuzi ananijibu wanunuzi ndivyo wanavyotaka. Wako wapi? Morogoro kiwandani. Nako utaambiwa Ulaya."

Ana kinyongo kingine. Amelibana tanuru la bani lake kwa safu mbili za matofali, moto ukae bila kula magogo mengi. Saa na joto ameviandika kwenye daftari la shule. "Hakuna mtaalamu aliyelifungua. Wanakuja kufundisha, hawaji kuuliza."

Ofisa mmoja anayefuatilia zao hilo anasema bani la kisasa hupunguza kuni kwa karibu nusu, na kwamba wakulima wengi wamekwishafundishwa. Wangapi? "Wengi," akarudia. Huenda nusu hiyo ni kweli kwenye bani la mfano. Kijijini, ambako bomba hununuliwa kwa mkopo na miti ya miombo bado hukatwa bila kulipiwa, hesabu ni nyingine.

Urambo imeshapangiwa mambo kutoka mbali. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulibuniwa London bila kupima vya kutosha udongo wala mvua, ukafutwa 1951. Tumbaku ikashika mashamba yaliyofyekwa. Safari hii watafiti wapo jirani, lakini habari za soko haziwapitii. Jani husafiri hadi Morogoro kusindikwa, kisha bandarini Dar es Salaam, na linachorudisha ni daraja, makisio ya msimu ujao na bei ya dola.

Reli mpya inayojengwa kuelekea Tabora inatajwa kama dawa. Pengine. Itaharakisha mitumba ya tumbaku, hilo halina ubishi. Kama itarudisha na maelezo ya kiwandani, hakuna aliyeahidi. Kwa sasa mkulima wa Urambo anakatwa deni la pembejeo kwenye mauzo ya jani ambalo hakuambiwa lilikosea wapi.